Boti ya Majivu ya Mama Scholastique

Wewe unayesoma, umewahi kusafiri ziwa zima bila kulowa hata kisigino?

Saa moja asubuhi, katika kiwanja kimoja cha Mbunya, mjini Bunia, Scholastique Mave anatoka jikoni na ndoo ya majivu. Haendi kuyatupa. Ameyachekecha jana jioni, vipande vya makaa vimebaki pembeni, na majivu yenyewe sasa ni laini kama unga wa muhogo. Anaweka ndoo chini, anakunjua kamba ndefu yenye mafundo, anaifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo.

Kisha anatembea kinyumenyume, ameinama, akidondosha majivu kutoka kiganjani pole pole. Fundo la kwanza ni pua ya boti. Fundo la tatu ni mahali pa mizigo. Fundo la saba ni ubao wa katikati, na la kumi na moja ni moteri.

Baada ya dakika ishirini boti ya mita kumi na nne imelala juu ya udongo mwekundu, kati ya jiko na choo. Kuku mmoja amesimama mahali pa kapiteni.

"Huyo hajalipa," anasema Scholastique, na kumfukuza kwa ncha ya kamba.

Ng'ambo ya ua, jirani yake Rebecca, ambaye hukaanga mikate asubuhi, anainua kichwa juu ya karai lake la mafuta. "Mama Scho, leo ziwa iko na vumbi mingi."

"Upepo ya kusini," anajibu Scholastique bila kugeuka. "Funika mikate yako, itachafuka."

Mama huyu wa miaka sitini na mmoja ana kazi ambayo haina jina kwenye karatasi yoyote. Anatayarisha familia za Bunia zinazotaka kutembea juu ya Ziwa Albert wakati wa likizo kubwa: safari ya siku mbili, boti ya mbao yenye moteri, kutoka Kasenyi kufuata ukingo kuelekea kaskazini, kulala kwa watu usiku mmoja na kurudi. Si kwa biashara wala kwa msiba. Ni kutembea tu, macho yafurahi.

"Batu banafikiri safari inaanzaka Kasenyi," anasema. "Hapana. Inaanzaka hapa ku nyumba, siku unachagua nguo gani ibaki."

Kila familia inamlipa faranga elfu kumi na tano. Mwezi wa Julai anaweza kupata familia sita. Mwezi mbaya, watu wanaposikia habari mbaya za barabara, hapati hata moja, na hapo anarudi kuuza chumvi na sabuni mbele ya mlango wake.

Alizaliwa Irumu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akinunua samaki wa chumvi Kasenyi na kuwapandisha Bunia, na mara nyingi alipanda boti yeye mwenyewe, akikaa juu ya magunia na kutazama. Ndipo alipoona kosa ambalo familia zote zilikuwa zikilifanya, tena kwa heshima kabisa.

Kosa lenyewe ni hili. Ikifika boti, watu wanamchukua mzee wao, wanamshika mikono miwili, wanampitisha mbele ya wote na kumkalisha puani. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya gari mkubwa anakaa mbele. Kanisani anakaa mbele. Kwenye harusi anakaa mbele. Nani atamweka baba yake katikati ya ndoo na watoto?

"Lakini pua ya boti ndiyo inaruka," anaeleza Scholastique, na kiganja chake kinapanda na kushuka hewani. "Mawimbi ya kwanza ni yake. Maji ya kwanza ni yake. Nilishaona muzee mumoja wa heshima sana, na koti na kravati, analowa mpaka soksi, na mugongo inamuuma juma mbili. Familia ilirudi siku ile ile. Bote banalia, na hakuna mutu alikosa adabu."

Siku ile, alipofika nyumbani, alichora boti kwa majivu ili awaonyeshe wajukuu wake kilichotokea. Wajukuu wakaingia ndani ya boti hiyo na kukataa kutoka. Hiyo ni miaka minne sasa, na tangu hapo hakuna familia iliyopata nafasi kupitia kwake bila kukaa kwanza saa nzima ndani ya majivu.

Leo ni Alhamisi. Saa mbili kasorobo inaingia familia ya Valérie, mshonaji wa nguo za shule, na mume wake Gauthier, anayeendesha pikipiki ya abiria na ameiegesha mlangoni. Wana watoto watatu: Abigaël wa miaka kumi na mmoja, mdogo wake Lionel, na mtoto wa kubeba. Nyuma yao, polepole, na kofia ya kitambaa imeshuka mpaka kwenye nyusi, anakuja baba yake Valérie, muzee Hubert, miaka sabini na minne.

Ni mara yao ya tatu kuja. Boti inaondoka Jumamosi, na kapiteni, jina lake Fiacre, anataka majina leo saa sita adhuhuri. Baada ya hapo anatoa nafasi kwa wengine.

Wote wanaingia ndani ya boti. Hakuna anayeruka mstari. Wanapita pale Scholastique alipoacha pengo, kama kwenye ngazi. Scholastique anagawa viti vidogo na jile, zile fulana za kuelea, na anakagua mizigo mmoja mmoja. Kutoka kwenye begi la Valérie anatoa jozi mbili za viatu vya visigino na kuziweka nje ya majivu. Anatoa sufuria ya maharagwe.

"Hii munakula leo usiku, si Jumamosi asubuhi. Maharagwe na mawimbi habapatanake."

Simu zinaingia ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko. Karatasi za utambulisho za wakubwa na karatasi za kuzaliwa za watoto zinakaa kifuani mwa mama, si kwenye sanduku. Tangawizi inatafunwa kabla ya mteremko wa Bogoro, kwa maana watoto wa Bunia wanatapika njiani kabla hata ya kuliona ziwa, halafu wanasema ni ziwa. Na mtoto mdogo hafungwi mgongoni na kitenge. Juu ya maji anakaa mbele, mikononi, na jile yake ndogo mwilini.

"Na jile munavaa lini?" anauliza.

"Ku boti," anasema Gauthier.

"Ku muchanga, kabla ya kupanda. Kuko familia moja ilizipanga chini kabisa ya sanduku, eti zisichafuke kabla ya kupiga picha."

Gauthier anacheka, kisha anasogeza kiti chake hadi fundo la kumi na moja. "Mama, mi nakaa hapa. Mi na moteri tunajuana."

"Moteri ya pikipiki inakujua. Hii itakupulizia moshi mpaka usahau jina ya bibi yako."

"Alishasahau," anasema Valérie, akimfunga Lionel mkanda wa jile. "Ku simu ananiitaka tu 'sema'."

Muzee Hubert ameketi kwenye ubao wa katikati. Mara ya kwanza walipokuja, Valérie mwenyewe alikuwa amempeleka puani, na alipoambiwa amrudishe aliona aibu hadi machozi yakamlengalenga. Sasa ameelewa. Abigaël amekaa upande mmoja wa babu yake, Lionel upande wa pili, na kila mtoto anajua mkono gani ni wake kuushika.

Kisha Scholastique anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya mstari, na kuanza kuwasafirisha. Sauti yake inashuka.

"Fungeni macho. Ni saa kumi na mbili asubuhi. Ziwa haijaamuka. Iko kama kioo munapulizia pumzi. Kapiteni anasukuma boti na muti murefu, moteri bado. Munasikia maji inapita chini ya mbao, pale, chini ya miguu yenu."

Kiwanja kinatulia. Hata Rebecca amegeuza mikate yake taratibu. Mtoto wa kubeba amelala, mdomo wazi, na majivu kidogo kwenye kidole cha mguu.

"Saa moja. Jua inatoka upande wa Uganda, inatembea juu ya maji mpaka kwenu. Usoni iko joto, mugongoni bado baridi. Ndege beupe banafuata. Tumepita Tchomia. Batu beko banafua, beko badogo kama sindano. Sasa saa tatu. Mukono ya kushoto, milima ya Djugu…"

Muzee Hubert anafungua macho na kusimama.

"Naenda kuangalia pikipiki," anasema.

Mara ya kwanza, hapo hapo penye milima, alienda kuangalia mvua. Mara ya pili alienda kununua tumbaku, naye havuti.

Familia hii inatoka Djugu, kwenye kijiji cha mteremko juu ya ziwa. Mwezi wa pili mwaka 2018, nyumba zilipoanza kuchomwa, walishuka kwa miguu hadi ukingoni na kuvuka kwenda Uganda ndani ya boti iliyojaa watu. Walikaa kambini miaka miwili, kisha wakaja Bunia. Kijijini hawajarudi. Abigaël alikuwa na miaka minne. Anasema anakumbuka tu kiatu kimoja.

"Batoto bangu banajua ziwa ni kitu ya kukimbilia," anasema Valérie kwa sauti ndogo, akimtazama baba yake aliyesimama karibu na pikipiki, mkono juu ya kiti chake. "Nataka bajue iko pia kitu ya kuangalia. Nilishona sare za watoto mia mbili kwa hii siku mbili. Lakini baba asipoenda, mi siende, na batoto habaende. Siwezi kupanda boti na kumuacha ku nyumba, yeye na mawazo yake."

Na hapa ndipo penye kanuni ya pili ya Scholastique, ile ambayo watu wanailalamikia zaidi kuliko majivu. Hapeleki jina kwa kapiteni mpaka kila mtu wa familia aseme kwa mdomo wake anataka nini kwenye safari. Kila mtu, hata mtoto.

Ilitoka kwa mama mmoja wa Boga. Familia yake ilipanga kila kitu vizuri, na huyo mama akapika kwa watu kumi na mmoja siku mbili, juu ya boti na chini ya boti. Aliporudi alipita kwa Scholastique kuchukua kikapu chake. "Aliniambia: 'Mama Scho, mi nilitaka tu nilale mahali kuko upepo. Hakuna mutu aliniuliza.' Nilisikia haya sana, sababu hata miye sikumuuliza."

Kwa hiyo ana daftari la shule, jalada la bluu. Kwenye ukurasa wa familia hii pameandikwa kwa kalamu: Abigaël, kuona mahali ambapo hakuna ukingo. Lionel, kugusa moteri. Valérie, kula samaki ambaye hakumpika yeye. Gauthier, siku mbili bila mtu kumpigia simu kusema uko wapi. Kwenye mstari wa Hubert, mara mbili, pameandikwa maneno yale yale: nitafuata tu.

"Nitafuata tu, hiyo si kitu mutu anataka," anasema Scholastique. "Mi naweza kumuandika. Fiacre hataniuliza. Lakini muzee akipanda bila kusema, atafika saa tatu, mukono ya kushoto, na hapo katikati ya maji hakuna pikipiki ya kuangalia."

Scholastique mwenyewe ana mipango yake. Anataka jile za watoto wadogo zaidi, kwa kuwa zile alizonazo zinameza shingo, na anaweka pembeni kidogo kidogo. Anataka pia kamba ya pili, ndefu mara tano, yenye mafundo ya zile boti kubwa zinazoteremka mto kutoka Kisangani. Kiwanja chake hakitoshi. Amekwisha kuzungumza na paroko kuhusu uwanja wa mpira. "Nitatia familia kumi ndani," anasema. "Juma nzima bataishi mule. Batapika mule. Mutaona."

Saa tano na nusu. Jua limepanda, majivu yamekuwa meupe sana, upepo umefuta kipande cha pua. Watoto bado wamekaa, kwa maana katikati ya ziwa mtoto hatoki ndani ya boti. Abigaël ameinua mkono hewani, pale ulipokuwa mkono wa babu yake, na kuuacha hivyo.

"Koko," anamwita babu yake, si kwa sauti kubwa. "Mi nachoka kushika hewa."

Muzee Hubert anakuja. Anapita pale penye pengo, anaketi katikati, anautwaa mkono wa mtoto. Scholastique anafungua daftari juu ya goti, anasubiri. Rebecca amezima moto wake. Valérie ameinama juu ya fundo la kitenge ambalo limekwisha kufungwa zamani.

"Andika," anasema muzee. Anavua kofia, anaiweka juu ya goti.

"Ile siku tunakimbia, banatufunika na bashi, ile turubai ya mizigo, siye bote, kama samaki. Mutu mumoja nyuma anasema: inama, muzee, inama. Mi nikainama. Nikasikia tu maji. Nilipotoa kichwa, milima ilishaisha." Anasugua ukingo wa kofia kwa kidole gumba. "Siogopi maji, mama. Nataka Fiacre azime moteri mbele ya kilima yetu. Kidogo tu. Nikae hapa katikati na hawa batoto, niiangalie mpaka nichoke miye mwenyewe, bila mutu kuniambia inama."