Nitukane Nijue Upo

Kwetu Itigi, mtu akiingia uani bila hodi na kuanza kumtukana baba, mama humsogezea kiti. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mmoja tu, jirani yetu Mnyamwezi, mtani wa baba. Sisi ni Wagogo. Kila asubuhi, kabla sijatoa cherehani yangu barazani, yeye alikuwa ameshafika, ameshakunywa chai yetu, na ameshatutangazia kwamba chai ya Wagogo haina ladha kwa sababu hata majani yenyewe wameomba.

"Wewe ombaomba, umeamka?"

"Nimeamka, mpagazi. Tua mzigo unywe chai."

Baba hakuchoka kumkumbusha kwamba babu zake walipita nchini kwetu na mizigo kichwani, wakatutolea hongo ili wapate maji ya kunywa. Mtani naye alijibu kwamba maji yenyewe yalikuwa tope tupu, na tumbo linalomsumbua mpaka leo amelirithi huko. Mimi aliniita "mke wangu", akaulizia ugali. Nikamwambia ndoa imevunjika, mume ananuka moshi.

Moshi huo ulitokana na nyuki. Baba na mtani walikuwa na mizinga yao ya pamoja, wameitundika kwenye miti huko vichakani nje ya mji. Mtani ndiye aliyepanda. Alijifunga kamba kiunoni, kamba ikapitishwa juu ya tawi, na ncha yake ilishikwa na baba aliyesimama chini. Baba aliizungusha mkononi mara moja tu, ili nyuki wakichachamaa aiachie akimbie. Na muda wote mtani alipokuwa juu, baba alimtukana. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Kule juu moshi unaziba macho na nyuki wanavuma masikioni, huoni chini. Ukisikia matusi yanaendelea, unajua kamba ina mtu.

Basi ikaja kampeni ya urais. Sitaji mwaka wala vyama. Baba alikuwa upande ule, mtani upande huu, na hilo halikuwa neno, maana hata timu za mpira wanashabikia tofauti. Balaa lilianza na magari ya matangazo.

Asubuhi lilipita gari la upande wa baba, spika juu, likisema yule mgombea mwingine ni kibaraka wa mabeberu, ataiuza nchi na madini yake, na mzalendo wa kweli anajua pa kuweka tiki. Mchana likapita la upande wa mtani, likisema mgombea wa wale ni mzee aliyechoka, ngazi za jukwaa anapandishwa kwa kushikwa mkono, wapambe wake wameshaitafuna nchi wamebakiza mifupa, na mzalendo wa kweli anajua pa kuweka tiki. Habari za maji na barabara mimi sikuzisikia. Labda zilisemwa wakati treni ya mizigo inapiga honi.

Uzalendo ukapamba moto. Baba akaniletea kitambaa cha rangi za bendera nimshonee shati. Nikamwambia, "Baba, hili ukilivaa watoto wa shule watasimama kukuimbia." Akasema nishone, niache maneno. Siku mbili baadaye mtani akapitia mlango wa nyuma, kitambaa kile kile kwapani, maana duka lilikuwa na jora hilo hilo moja.

"Nishonee kama la huyo ombaomba," akaninong'oneza. "Ila langu liwe na mfuko mkubwa. Mimi naipenda nchi zaidi."

Wakawa wanakaa barazani kwangu na mashati yao kama mapacha waliovalishwa na mama mmoja, kila mmoja akieleza jinsi upande wa mwenzake utakavyoiuza Tanzania. Mimi nashona, nacheka kimoyomoyo. Nilidhani ni utani uleule umepata nguo mpya.

Kumbe haukuwa uleule. Asubuhi moja mtani alisema, "Mgombea wenu akipanda mti wangu wa mzinga, atateremshwa kwa machela." Hapo baba alitakiwa kusema mpagazi, au aseme lolote kuhusu panya wanaoliwa kwao, tuendelee na chai. Badala yake akasimama. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kibaraka wewe! Msaliti wa nchi!"

Mtani akaweka kikombe chini. "Hilo umelitoa wapi?"

"Nimetoa wapi nini?"

"Hilo tusi. Siyo la kwako. Umeniita mpagazi, mchawi, mla panya, miaka yote nimecheka. Hilo limepita barabarani sasa hivi, nami nimelisikia. Limesemwa na mtu asiyenijua."

Akaondoka, chai imebaki nusu. Baba alitaka kumwita, akajimiminia chai. Kiburi cha baba yangu nakijua, kwa kuwa ninacho na mimi.

Kesho yake tukasikia, "Hodi." Mama akaangusha mwiko. Mtani alikuwa amesimama nje ya uzio, mikono ameikunja mbele.

"Habari za asubuhi, mzee mwenzangu."

"Njema, ndugu yangu. Karibu."

"Asante sana. Napita tu."

"Mungu wangu," mama akasema, ameshika kifua. "Hawa wamegombana kweli."

Adabu ile iliendelea wiki nzima, kisha nyingine, kisha nyingine. Hamjambo, hatujambo, nashukuru, nawe pia. Baba akawa anakunywa chai peke yake, anaugeukia mlango kila kuku akipita. Nilimkasirikia, niseme kweli. Siku moja nilimwambia wazi, "Nenda kamwombe msamaha." Akaniuliza kama mabega ya shati hayajalegea.

Siku ya kupiga kura walikutana mstarini, mmoja mbele ya mwenzake, mashati sare. "Tangulia, ndugu." "La, tangulia wewe, mzee mwenzangu." Watu waliokuwa nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba wazalendo hawa wawili wanachelewesha nchi.

Mshindi akatangazwa. Waliotuambia nchi inauzwa hawakurudi kutuambia kama iliuzwa. Gari la matangazo la upande wa baba likarudi kwenye kazi yake ya siku zote, kutangaza dawa ya panya, na sauti ilikuwa ileile, yenye uchungu uleule. Nilimwona baba akilisikiliza, kichwa ameinamisha.

Asali ikaiva. Nyegere walikuwa wameshaanza kuuzungukia mmoja wa mizinga. Mtani akanijia mimi barazani. "Mwambie mzee wako, kama hatojali, kama ana nafasi, naomba twende tukatoe." Baba, aliyekuwa ndani hatua nne kutoka hapo, akajibu kupitia kwangu kwamba hana kizuizi. Mama akasonya. Akasema yeye hajaona nyuki akipiga kura, waende zao. Akanituma niwabebee ndoo, na nadhani alinituma niwe shahidi.

Tulifika jua likielekea kuzama. Mtani akafunga kamba kiunoni, akawasha mwenge wa moshi, akapanda na ndoo. Umri umeenda, alipumzika mara mbili njiani. Baba akaivuta kamba, akasimama na mgongo kwangu. Kimya. Mtani akafika kwenye mzinga, moshi ukamfunika, nyuki wakaanza kuvuma. Kimya bado.

"Ni sawa huko chini?" mtani akaita.

"Sawa, ndugu yangu."

Mtani akaganda palepale. Hakugusa mzinga. Nyuki walikuwa wanamzidi, nilimwona akijipiga shingoni.

"Sikusikii!"

"Nimesema ni sawa!"

"Nasikia mtu anasema sawa, simjui ni nani! Nitukane, nijue upo!"

Mabega ya baba yalipanda na kushuka. Nilitaka nitukane mimi kwa niaba yake, na wallahi matusi ninayo, lakini nilijua hayangefaa. Mtani akajipiga tena. Mguu wake ukateleza kidogo kwenye gome, akakumbatia shina.

"Mpagazi!" Sauti ya baba ilitoka imepasuka. "Mpagazi wewe! Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani hakulia, wewe unalilia nyuki!"

"Nalia moshi, ombaomba!"

"Lia kwa adabu! Ukianguka sikuziki! Nawaachia fisi, nao watakukataa, unanuka panya!"

Kule juu mtani alicheka mpaka tawi likatikisika. Ndipo mkono ukaingia mzingani. Baba hakunyamaza tena. Alimtukana yeye, ukoo wake, treni iliyomleta Itigi na mfuko wa shati lake, na machozi yanamtiririka wazi, wala hakujifuta. Mikono yote ilikuwa kwenye kamba.

Ndoo ikashuka imejaa masega, kisha akashuka mwenyewe, uso umevimba. Nilimwendea baba nimpokee kamba. Haikutoka. Alikuwa ameizungusha mkononi mara nne na kuikaza fundo, na ngozi chini yake ilikuwa imechubuka. Hata nyuki wangechachamaa, asingeweza kuiachia akimbie.

Mtani akatusogeza, akalifungua lile fundo mwenyewe. Aliitazama michubuko kwa muda. Akachovya kidole kwenye sega, akampaka baba asali mkono mzima, taratibu, huku akimwambia kwamba Wagogo hata ngozi wameomba.