Upasuaji Niliomchagulia Mama

Mama alitaka kusujudu. Hilo ndilo lililompeleka hospitali. Kwa miaka mingi magoti yake yalikuwa yamekataa uzito wake, akawa anaswali juu ya kiti cha plastiki pembeni mwa sebule yetu huko Mbuya, akiinamisha kichwa kidogo pale ambapo wengine hufikisha paji la uso chini. Alikuwa mwalimu wa Kurani wa akina mama na mabinti wa mtaa, na darasa lake lilikuwa hapo hapo sebuleni, juu ya mkeka. Wanafunzi walikaa chini, naye akakaa juu yao kama hakimu, jambo ambalo hakulipenda. Nilipomkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa, alinijibu, "Dini imeniruhusu kiti, mwanangu. Moyo ndio haujaniruhusu."

Wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea lishe. Nilikaa hosteli karibu na chuo, Wandegeya, na kila Jumamosi niliteremka kwenye mtaa wa mabanda wa Namuwongo pamoja na wenzangu kuwapima watoto wachanga. Tulitundika mizani kwenye mlango wa chumba kimoja karibu na reli, tukawaning'iniza watoto mmoja mmoja ndani ya mfuko wa kitambaa, na wapo waliokuwa wepesi hata mshale haukusogea kama ulivyopaswa. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira ya haki. Sikumwambia mama kwamba mwili wake ulinikera, lakini yapo mambo yasemwayo bila ulimi. Siku moja, mbele ya wanafunzi wake, nilinyoosha mkono nikalisogeza bakuli la matoke, ndizi za kupika, mbali naye. Alicheka peke yake. Wengine wote walitazama mkeka.

Daktari wake wa kisukari ndiye aliyemshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito. Wajomba zangu wakasaidiana gharama na kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni, na safari ya hospitali ikapangwa. Habari ilipofika darasani, wanafunzi walifurahi kwa namna yao. Mmoja, mama mzima mwenye wajukuu, alimuuliza mama gomesi zake, yale magauni mapana ya mshipi, zitarithiwa na nani, maana moja tu ingewatosha wawili na kitambaa cha kubeba mtoto kingebaki. Mama akamjibu kwamba atazigawa kwa atakayehifadhi sura ndefu kwanza. Wiki ile hakuna aliyechelewa darasa.

Daktari mpasuaji alikuwa Mhindi, mtu mpole asiyejua Kiswahili wala Kiganda. Mama alikuwa na Kiingereza cha dukani tu, cha bei na vipimo vya nguo. Kwa hiyo nilikaa katikati yao, kwenye kiti kilichosogezwa kidogo mbele, nikiwa mkalimani. Nilikuwa karibu kupata shahada, nilijua maneno yote ya mwili wa binadamu, nikajiona nimefaa kuliko mtu yeyote.

Alichora matumbo mawili kwenye karatasi. Katika upasuaji wa kwanza, alieleza, sehemu kubwa ya tumbo hukatwa na kutolewa, na kinachobaki ni kama mrija mwembamba. Mama aliutazama mchoro akasema, "Mkono wa kanzu." Katika wa pili, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo wa chini, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida. "Kwa hiyo chakula kinapita njia ya panya," mama akasema. Nilipomtafsiria daktari, alicheka akasema hajawahi kusikia maelezo bora zaidi.

Kisha akauliza kama mama husumbuliwa na kiungulia. Mama alisema, "Kidogo tu, nikila mchuzi wa njugu." Nilijua kwamba si kidogo. Nilijua kwamba alilala juu ya mito miwili, na kwamba kwenye mfuko wa gomesi yake hazikukosekana tembe za kutafuna za kutuliza tumbo. Lakini alisema kidogo, nami nikatafsiri kidogo. Hapo nilikuwa mkalimani mwaminifu kupindukia.

Daktari akaendelea. Alisema upasuaji wa kwanza ni mwepesi zaidi na hauhitaji uangalizi mkubwa, lakini unaweza kuzidisha kiungulia. Kama mama anakipata mara kwa mara, basi yeye angependelea wa pili, ambao pia husaidia zaidi kwenye kisukari. Tatizo la huo wa pili ni kwamba mgonjwa lazima ameze vitamini maisha yake yote, apimwe damu kila baada ya muda, na awepo mtu wa kumkumbusha. Mwisho alisema uamuzi ni wa mama, akaweka kalamu chini, akasubiri.

Hapa lazima nieleze kilichokuwa kwenye mkoba wangu. Siku mbili kabla, nilikuwa nimepokea barua ya kazi kutoka shirika dogo la kulisha watoto huko Karamoja, safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Ndiyo kazi niliyoiota tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa sijamwambia mtu. Na daktari alipotamka "maisha yake yote" na "mtu wa kumkumbusha", nilijiona mwenyewe, miaka kumi mbele, sebuleni Mbuya, nikihesabu vidonge.

Mama akaniuliza, "Anasemaje?"

Nilimwambia kwamba aina zote mbili za upasuaji ni nzuri. Nilimwambia kwamba wa pili una masharti ya vidonge na vipimo visivyokwisha, na wa kwanza ni mwepesi. Habari ya kiungulia niliiacha. Sikuisahau. Niliiona pale ilipo, nikaipita.

"Yeye mwenyewe anaona upi?"

"Anaona wa kwanza," nikasema.

Mama akageuka kwa daktari, akaweka kiganja kifuani kama afanyavyo akipokea jambo kwa heshima, akasema kwa Kiingereza chake cha dukani kwamba anachukua wa kwanza. Daktari alinitazama mimi. Nadhani alishangaa kidogo. Lakini uamuzi ulikuwa wa mgonjwa, na mgonjwa alikuwa ameamua.

Nilijitetea vizuri sana siku zile. Nilijiambia kwamba vitamini hukosekana madukani, kwamba mama ni msahaulifu, kwamba wepesi ni rehema. Yote hayo yalikuwa kweli, nami niliyapanga mbele ya kile nilichokifanya kama mtu anayepanga magunia mlangoni.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilimuuguza mwezi mzima, nikimpimia supu kwa kijiko, na majirani wakanisifu kwamba mtoto msomi amejua kurudisha fadhila. Kisha nikaenda Karamoja. Mwili wa mama uliendelea kupungua mwezi baada ya mwezi, na kisukari chake kikatulia kiasi. Siku moja akanipigia simu nikiwa kwenye foleni ya akina mama waliobeba watoto, akasema kwa sauti ndogo, kama anayetoa siri, "Nimefika chini. Paji limegusa mkeka." Nililia pale pale kwenye foleni. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu akadhani nimefiwa, akanishika bega. Nililia kwa furaha, lakini zaidi kwa nafuu: niliona nimesamehewa kabla ya kuulizwa.

Nilirudi likizo miezi kadhaa baadaye. Niliposukuma mlango wa sebule, wanafunzi walikuwa wamejipanga kwa swala ya alasiri, na mama alikuwa nyuma yao, juu ya kiti cha plastiki.

Sikumuuliza siku ile. Kesho yake nilimwona akijaribu peke yake. Alishuka vizuri, magoti yakakubali, mikono ikatangulia, paji likagusa chini. Halafu akainuka haraka kuliko inavyostahili, mdomo umefumbwa, macho yana machozi, akameza kitu kwa taabu. Alikaa hivyo muda mrefu kabla ya kuendelea.

"Chini nafika," aliniambia baadaye. "Lakini nikifika, tumbo linanipanda kooni kama moto. Naogopa nitatapika juu ya mkeka wa swala." Hospitali walimpa dawa, zikasaidia kidogo. Alikuwa amejaribu kula saa nyingi kabla ya swala, kisha kutokula kabisa mchana. Na jambo lililonivunja ni kwamba lawama yote alikuwa ameibeba mwenyewe. Alidhani alikula haraka wiki za mwanzo, au alikosa sharti fulani ambalo daktari alimpa. Yule mama wa gomesi alikuwa amemtania kwamba labda anakula kwa siri usiku, na mama hakumrudishia utani kama kawaida yake. "Daktari alinichagulia vizuri," alisema. "Mimi ndiye niliyeharibu."

Nilikaa na sentensi hiyo siku mbili. Nilikuwa mtu ambaye, kwenye mikutano ya kazi, husimama kuwaambia wakubwa kwamba mama mwenye njaa ana haki ya kuelezwa kila kitu kuhusu mwili wa mtoto wake. Nilisema hivyo kwa ufasaha. Walinipigia makofi.

Siku ya tatu, alikuwa amekaa mkekani na sinia mapajani akichambua mchele. Nikakaa mbele yake, nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio: swali la kiungulia, onyo la daktari, ushauri wake wa ule wa pili, na barua iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Nilimwambia kwamba daktari hakuchagua chochote, kwamba aliyechagua ni mimi.

Hakuniangalia. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza upande mmoja wa sinia. Ndipo akasema, "Mwanafunzi akiruka aya, mimi humrudisha mwanzo wa ukurasa. Wewe nikurudishe wapi?"

Nikaanza kusema kwamba nilikuwa nikimfikiria yeye pia, kwamba vitamini hukosekana. Akainua kidole kunikatiza.

"Ungeniambia unataka kwenda, ningekwambia nenda. Mimi ni mama yako, sikukuzaa uwe mlinzi wa vidonge. Ila umenifanya nijisingizie mbele ya Mungu, mimi na tumbo langu." Kisha akanipa sinia nimalizie, akainuka kwenda kutawadha.

Kwa kuwa aliinuka bila kushika kitu, nilijua kwamba sehemu moja ya upasuaji ule ilikuwa imefanya kazi, na kujua hivyo hakukunifariji.

Tulipata miadi mpya kwa daktari yule yule. Tulikuwa tumeshasikia kutoka kwa muuguzi kwamba ule wa kwanza unaweza kugeuzwa kuwa wa pili, ingawa kurudi mara ya pili kuna hatari zake, na kwamba wengine huamua kuvumilia kwa dawa. Asubuhi ya miadi nilivaa, nikachukua faili. Mlangoni nilimkuta jirani yetu mpya, mama wa Kikenya mwenye duka la rangi na misumari barabarani, Mkristo mwenye sauti kubwa na Kiingereza kilichonyooka. Alikuwa amevaa nguo za kanisani.

"Huyu ndiye atakayeingia nami," mama akaniambia. "Wewe unanipenda, na unajipenda. Yeye hana haja na tumbo langu."

"Hajati, usijali," yule jirani akamwambia mama. "Mimi nitatafsiri kila kitu. Daktari akikohoa, nitakukoholea."

Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nirudi. Mimi pia nilitabasamu, kwa sababu kukataa kutabasamu kungekuwa kudai haki niliyokwisha kuipoteza.

Nilikaa nje kwenye benchi. Mlango ulikuwa mwembamba, na sauti ya jirani haikuwa ya kufichika: nilisikia maneno yakivuka kipande kwa kipande, "kiungulia" likatajwa mara mbili, kisha "hatari", kisha mama akiuliza jambo, na swali lake likipelekwa zima. Nikainuka nikaenda kusimama mwisho wa ukumbi, penye dirisha, nisisikie. Sikuona kwamba nilikuwa nafanya wema. Niliona tu kwamba yale hayakuwa yangu.

Walichukua muda mrefu kuliko tulivyochukua mimi na mama mara ya kwanza. Walipotoka, jirani alikuwa ameikunja karatasi ya michoro na kuitia kwenye pochi yake, na njiani walizungumza habari za bei ya saruji. Sikuuliza. Usiku nilipika, tukala, na bado sikuuliza.

Zilipita siku nne. Siku ya nne, baada ya darasa kuondoka, mama aliniita tukunje mkeka pamoja, kila mmoja upande wake.

"Nimechagua ule wa pili," alisema. "Mwezi ujao. Jirani atakuwapo. Vidonge nitameza, na nikisahau, wanafunzi wangu ishirini watanikumbusha, wamezoea kukumbuka." Hakusema daktari anaona nini. Akakutanisha ncha yake ya mkeka na yangu. "Likizo yako inakwisha lini?"

Nilitaka kusema kwamba sirudi Karamoja. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, ya mtoto aliyetubu. Lakini nilikumbuka kwamba hakuniuliza kama nitabaki, na kwamba kujitoa kwangu kungekuwa, kwa mara nyingine, kumwamulia mambo yake.

"Jumatatu," nikasema.

"Kale, sawa, basi nenda Jumatatu," akajibu, akauchukua mkeka mikononi mwangu, akaenda kuuegemeza ukutani.