Mutu wa rangi nyekundu mu motoka yangu

Leo nilibeba mutu mwenye alikuya kunifukuza kwangu.
Na nilimubeba muzuri!

Ni mukubwa mumoja wa mugodi kwenye niko dereva. Kazi yake ni kupaka musalaba ku manyumba yenye batabomoa.

Barabara ya kule ni nyembamba, kona juu ya kona, pembeni ya shimo. Mi napunguza mbio mbele ya kona, ndani sigusi freni. Bwana alilala usingizi, kikopo ya rangi katikati ya miguu. Hakuna hata tone lilimwangika.

Akaamuka: «Tata, unaendesha sawa vile unabeba mayai. Simama hapa.»

Hapa wapi? Kwangu!

Bibi yangu, mama ya batoto, alikuwa anatwanga majani ya sombe ku mulango. Bwana akashuka, akapaka musalaba ku ukuta, pembeni ya kichwa yake. Hata jambo hakumupa.

Ku njia ya kurudia, akaniambia: «Endesha muzuri sawa ile ya kwanza.»

Ndiyo, tata.

Kona ya kwanza niliingia na mbio. Kikopo ikaruka. Shemizi, suruali, uso: yote nyekundu.

«Unaniharibia!»

Nikamujibu: «Sasa na weye uko na alama. Batakubomoa lini?»

Kazi nimepoteza. Mwenye anaona nilikosa aandike hapa chini, lakini kwanza aniambie batoto yangu batalala wapi.