Madebe Kumi na Mawili ya Maharagwe

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Tulikuwa tumekaa juu ya turubai mbele ya ghala, tunahesabu maharagwe yenye matundu, na daftari nilikuwa nalo mimi. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimesema neno moja la uongo, na neno hilo likala mbegu za kijiji kizima.

Umeniambia kwamba umepata kazi ya kupima damu hospitalini, nami nimefurahi. Umeniambia pia kuhusu mwenzako mmoja ambaye wakubwa wanampenda. Hukusema kwamba inakuuma. Nililisikia hilo katika namna ulivyolitaja jina lake. Basi kaa karibu, kwa maana hiyo njia nimeipita kabla yako.

Miaka ile ya sabini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti wa kilimo kule Dadamu, nje kidogo ya Arua. Wataalamu wa kigeni walikuwa wamekwisha kuondoka, na mkuu wetu, Bwana Adriko, alikuwa akifanya kazi ya watu wanne. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mimi nilikuwa mtunza daftari wake. Kila kilichopimwa, kilichopandwa na kilichovunwa kilipita katika mwandiko wangu. Aliniita "kumbukumbu yetu", nami nilitembea nalo jina hilo kama mtu aliyevaa kitambaa kipya kanisani.

Kisha akaja Kiden.

Alitoka Lurujo, kule Koboko. Shule alikuwa ameiacha kabla yangu, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa kama wa mtoto. Aliletwa kufagia ghala na kugeuza mazao juani. Lakini Kiden alikuwa na macho. Angeweza kupita mbele ya gunia lililofungwa, akasimama, akasema hilo limeingiwa na bungua, na tulipofungua tukawakuta wadudu wamejaa tele. Bwana Adriko alianza kumwita kila mara. "Kiden, hebu njoo uone." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na kalamu yangu, nami nilikuwa na macho pia, lakini hakuna aliyeniambia njoo uone.

Mwanangu, wivu hauanzi na jambo kubwa. Siku zile sukari ilikuwa imeadimika, hata wenye nafasi zao walikunywa chai kavu. Asubuhi moja Bwana Adriko alikuja na kijiko kimoja cha sukari ndani ya karatasi, kitu alichopewa na mgeni. Akakitia chote katika kikombe cha Kiden, kwa kuwa alikuwa ametoka kuugua. Ilikuwa huruma tu, na leo naijua. Siku ile nilikitazama kikombe kile mpaka alipokimaliza. Nikaanza kuhesabu: ameitwa mara ngapi, amechekewa mara ngapi. Usiku nilipolala nilikuwa nayo hesabu kamili. Wahenga walisema hasidi hana sababu, na mimi nakuambia anazo tele, ila zote amezishona mwenyewe.

Wakati huo tatizo kubwa lilikuwa bungua wa maharagwe. Mkulima alivuna vizuri, akaweka mbegu, na mvua iliporudi alikuta matundu na unga. Poda ya kiwandani ya kuua wadudu haikupatikana tena madukani. Ndipo Kiden alipomwambia Bwana Adriko kwamba kwao Lurujo mama yake huyaanika maharagwe juu ya jiwe kubwa lililo tambarare, siku za jua kali, mpaka jiwe linachoma mkono. Huyapepeta, huyaanika tena, kisha huyafunga vizuri. Mbegu zake hazikubunguliwa, na wanawake wa kijiji wote walichukua mbegu kwake.

Bwana Adriko hakucheka. Alisema kama ni kweli itaonekana, na kama si kweli itaonekana pia. Akachukua madebe kumi na mawili yaliyofanana, akayaandika namba. Sita yangetiwa maharagwe ya kuanikwa juu ya jiwe, sita maharagwe ya kawaida kutoka gunia lile lile. Kuchagua debe lipi litiwe nini, tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia yake. Nilimuuliza kwa nini kura. Akasema, "Ili moyo wa mtu usiingie humu, Ayikoru." Kisha akaniachia mimi peke yangu nifungue vikaratasi, niyajaze madebe, na niandike kwenye daftari ukurasa wa namba zipi ni za jiwe, mtu mwingine asiuone mpaka mwisho. Yeye mwenyewe hakuuangalia.

Madebe yalikaa miezi minne. Vibarua walikuwa wanayaita "madebe ya Kiden". Nilikuwa nikiyapita kila asubuhi.

Basi siku ile tukayafungua. Kutoka kila debe tulitoa maharagwe mia, tukatenga yenye matundu. Haikuhitaji elimu kuona. Madebe sita yalikuwa yameharibika, wadudu wanatembea juu ya mikono yetu. Sita mengine yalikuwa safi, maharagwe yanang'aa. Bwana Adriko alivua miwani akaifuta. Kiden alikuwa amefunga mikono mapajani, anajizuia asitabasamu, naye alishindwa.

"Haya, kumbukumbu yetu," Bwana Adriko akasema, "haya sita safi ni yapi?"

Nikafungua ukurasa. Namba zilikuwa pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Safi yalikuwa ya jiwe, yote sita. Nikaona yatakayofuata kana kwamba yamekwisha kutokea: Kiden akipelekwa Kampala kueleza, Kiden akipewa kiti, mimi nikiandika jina la Kiden kwa mwandiko wangu mzuri. Nikasema, "Safi ni yale ya kawaida, bwana. Ya jiwe ndiyo yaliyoharibika."

Bwana Adriko akaanza kufikiri kwa sauti, kwamba labda jiwe hupasua ganda la haragwe, labda ufa huo humpa bungua mlango. Mtu aliyesoma hakosi sababu ya jambo, hata jambo la uongo. Wenzangu walipokwenda kula, niliuchana ukurasa ule nikaunakili upya, nimegeuza. Wino ulikauka upesi.

Kiden ndiye aliyenimaliza. Nilikuwa nimejiandaa abishe. Nilikuwa hata na majibu. Aliniangalia mimi, akaangalia madebe, akasema taratibu, "Kama kitabu inasema hivyo, basi sisi tulikuwa tunajidanganya tu." Aliniamini mimi kuliko chakula alicholelewa nacho.

Habari ikapelekwa Lurujo kwamba watu waache jiwe, wafunge mbegu kavu katika madebe tu, mpaka poda ipatikane. Aliyeipeleka ni Kiden mwenyewe, kwa sababu kule wangemsikiliza yeye. Aliporudi alirudi kwenye ufagio wake. Bwana Adriko alipomwita aone kitu, alijibu kwamba yeye hajui, aulizwe Ayikoru. Nami niliulizwa. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, mwanangu, na niliamka kila asubuhi nikiwa na wivu ule ule. Sasa nilimwonea wivu hata usingizi wake.

Mvua ya kupanda ilipokaribia, Kiden aliomba ruhusa akaenda kwao, na hakurudi. Baada ya wiki mbili Bwana Adriko alinituma Lurujo nikaone mbegu zimekaaje. Nilipanda lori la mizigo mpaka Koboko, nikatembea iliyobaki.

Mama yake Kiden aliitwa Poni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipa maji, akanipa kigoda. Kisha akaleta debe, akalimimina kwenye ungo mbele yangu. Ulimwagika unga na maganda. Halikuwamo haragwe moja la kupanda. Akaniambia kwamba ni hivyo nyumba zote zilizokuwa zikichukua mbegu kwake, na kwamba wanawake sasa hupita njia ya nyuma wasimsalimie.

Kiden alikuwa amekaa ukutani, amenipa mgongo nusu, anamenya muhogo.

Nilianza kutoa maneno ya ofisini, kwamba utafiti una kupanda na kushuka. Mama Poni akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo:

"Mbegu iko isha. Hiyo si kitu, mimi naona njaa mara mingi, inakuja, inakwenda. Lakini huyu mutoto, zamani alikuwa anaona kila kitu. Sasa mimi namuuliza mvua itanyesha leo ama hapana, anasema, mama, mimi sijui, uliza mutu mwenye kusoma. Mimi nilipeleka kwenu mutoto mwenye macho. Munanirudishia kipofu."

Hakujua anamwambia nani. Huenda alijua. Mpaka leo sina hakika.

Nikasema pale pale, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake na maji yake tumboni. Nikawaambia kwamba jiwe ndilo lililoshinda. Madebe yote sita yalikuwa safi, na mimi nilijua, nikageuza. Mama Poni akauliza kwa nini. Nilitafuta sababu kubwa, sikuipata. Nikasema, "Nilikuwa na wivu na Kiden."

Kisu cha Kiden kilisimama. Akaniuliza swali moja tu, bila kugeuka: "Zote sita?"

Nikasema, "Zote sita."

Akaanza kulia, na sijui hadi leo kama ilikuwa hasira au ni macho yake yaliyokuwa yanamrudia. Mama yake aliweka ungo chini, akaniambia niende kwanza, nirudi nikiwa na kitu cha kupanda.

Nilirudi Arua nikamwambia Bwana Adriko. Nilimpa na daftari. Nilitegemea anifukuze, na hilo lingekuwa jepesi. Alivua miwani, akaizungusha mkononi. Akasema kwamba mtu mvivu wa kuhesabu huharibu ukurasa mmoja, lakini mimi nimeharibu imani ya watu, na hiyo haina karatasi ya kunakili. Akaniamuru mambo mawili: nitafute mbegu za nyumba zile, na jaribio lirudiwe Lurujo kwenyewe, mbele ya wenyewe, ukurasa wa siri akiushika Kiden.

Mbegu niliziomba. Nilianza kwa shangazi zangu wa Dadamu, nikaenda kwa ndugu wa mama yangu walioko sokoni Inde, na kila mlango nilioingia nilieleza kwa nini naomba. Mficha uchi hazai. Wengine walinipa kikombe, wengine maneno, mama mmoja mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kongo akanipa karai zima na hakuniuliza lolote. Nilizipeleka Lurujo kwa lori, nikapanda pamoja nao, mgongo wangu ukajua.

Walipovuna tukaanika juu ya jiwe la Mama Poni. Miezi minne baadaye wanawake walikuja wote kuhesabu. Kiden akafungua ukurasa, akanipa mimi niusome kwa sauti. Nilisoma namba za mwaka ule, kisha nikasoma za mwaka uliopita kama zilivyokuwa kweli, nikaeleza aliyezigeuza. Mwanamke mmoja alitema mate pembeni, akaondoka. Wengine walibaki. Mama Poni aligawa mbegu siku ile, na njia ya mbele ya nyumba yake ikaanza tena kupitwa.

Kiden alirudi kazini. Tulifanya kazi pamoja mpaka vita vya mwaka sabini na tisa vilipotutawanya, yeye na watu wake wakavuka mpaka, sisi tukaenda upande wetu. Miaka yote hiyo, kila nilichohesabu alikihesabu tena baada yangu. Hakuwahi kuniomba radhi kwa hilo, wala mimi sikumtaka aombe. Kabla ya vita, alipochaguliwa kwenda masomoni kwa miezi michache, nilimsindikiza mpaka kwenye gari nikiwa nimembebea sanduku. Nami nakuambia ukweli, mwanangu: hata siku ile wivu ulinichoma. Sikuwahi kuuona ukifa. Nilichojifunza ni kutoupa kalamu.

Basi nasaha yangu ni hii. Usisafirie nyota ya mwenzio, lakini moyo ukikataa kusikia, kwa sababu mioyo hukataa, uache uumie huko ndani, usiukaribishe mezani pa kazi. Utakapokuwa na chupa ya damu mkononi, yule mgonjwa hamjui mwenzako anayependwa, hakujui wewe. Anangoja neno moja la kweli. Umpe. Na mwenzako akiona usichokiona, sema mbele za watu kwamba ameona yeye. Litakukwaruza koo mara ya kwanza. Ukikosea, sema kabla mvua haijanyesha, maana ukichelewa watu watakuwa wamekwisha kupanda uongo wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya Kiden na mikono ya mama yake. Akulinde na kalamu yako mwenyewe. Watu waliokuamini walale salama, nawe ulale kama wao.