Folda ya Mabati

Siku mwenzangu wa ofisini aliponiambia anaolewa tulikuwa katikati ya folda ya mabati. Alikuwa akisoma majina ya mafaili kwa sauti, mimi nikiyaandika upya, na kati ya mabati ya rangi na mabati ya kawaida akasema, kwa sauti ileile ya kusomea, kwamba watu wa Nairobi walikuwa wamefika Bombo kwa wazazi wake na mambo yamekubaliwa. Kisha akasoma jina lililofuata. Nikaliandika. Nadhani niliandika sawasawa, kwa sababu hakunirekebisha, na hakuwa mtu wa kuacha kosa lipite.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Wandegeya, Kampala, juu ya duka la kuchapisha tasnifu za wanafunzi wa chuo. Harufu ya wino na ya chapati za mayai za barabarani ilipanda pamoja hadi dirishani kwetu, na mpaka leo nikinusa karatasi mpya nasikia njaa. Tulikuwa watatu. Mwenye ofisi alikuwa Muganda mpole, kazi yake kutafuta wateja wanaotaka tovuti na kuwaahidi tarehe zisizowezekana. Mimi nilikuwa Mkenya, mtoto wa mchungaji wa Nakuru, niliyekuja Kampala kwa miezi michache na kuacha kuihesabu. Na mwenzangu alikuwa Mnubi, wa wale wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza zamani. Mwislamu, kitambaa chake cha kichwa kimebanwa kwa pini, ulimi wake haujabanwa na kitu.

Luganda yangu ilitosha kununua ndizi tu. Kwa hiyo mimi na yeye tuliongea Kiswahili, yeye chake cha Kampala, chenye vipande vya Luganda na “na” moja kwa kila mtu, mimi changu cha Nakuru, kila mmoja akikiona cha mwenzake kichekesho. Mwenye ofisi hakukipenda. Alikuwa amekisikia akiwa mtoto kwenye vizuizi vya barabarani, kabla vita havijaisha, na kwake kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayeuliza una nini mfukoni. Akitukuta tunakiongea alijibu kwa Kiingereza, au akakumbuka ana shughuli nje. Sikumlaumu.

Hata hivyo, ndani ya kazi yenyewe, kule ambako mteja hafiki, mafaili yetu yote yalikuwa na majina ya Kiswahili. Hilo lilikuwa wazo la mwenzangu. Alisema Kiingereza kimeshajaa kwenye msimbo, yale maagizo ya kompyuta, ni maneno ya mashine. Ukiona jina la Kiswahili unajua mara moja kwamba hapa pamepita mkono wetu. Sehemu ya juu ya ukurasa ilikuwa kichwa, ya chini ilikuwa miguu, na hesabu za bei zilikaa kwenye folda iliyoitwa jikoni, kwa sababu ndipo chakula kinapopikwa na mgeni hapaswi kuchungulia.

Mimi kabla yake nilikuwa mtu wa hovyo. Faili langu la kwanza nililiita mpya. Nikilibadilisha, nilihifadhi jingine kando yake, mpya-kabisa, halafu la-mwisho, halafu la-mwisho-kweli, na yote yakaishi pamoja kama wapangaji wasiolipa kodi. Wiki yake ya kwanza alivuta kiti karibu na changu, akayatazama kwa muda mrefu.

"Hii mwisho iko na mwisho ngapi?" akauliza. "Leo naona mwisho, kesho naona mwisho ingine. Wewe Mkenya, unaogopa kitu kuisha?"

Nikamwambia ashughulike na yake. Lakini kesho yake nilianza kuyafuta, na sikufanya hivyo kwa sababu ya usafi.

Sasa, kuhusu mabati. Mteja wetu mkubwa alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Ntinda: mabati, saruji, misumari, rangi, vigae. Alitaka kila bidhaa iwe na picha yake na bei yake kwenye tovuti. Tulipiga picha kwa kamera ambayo ilizipa majina yote kwa herufi kubwa, wakati sisi kwenye msimbo tuliandika herufi ndogo. Kompyuta za ofisini hazikujali. Kwazo kubwa na ndogo ni ndugu. Seva iliyokuwa ng'ambo, kompyuta inayoitunza tovuti, ilijali sana. Tuliipandisha tovuti Ijumaa, na Jumatatu mzee akawaita wafanyabiashara wenzake ofisini kwake waione. Wakaona bei zote vizuri, na juu ya kila bei sanduku tupu lenye alama nyekundu.

Alipiga simu yeye mwenyewe, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wenzangu wananiuliza," alisema, "siku hizi nauza masanduku?"

Ningeweza kutafuta njia ya mkato. Mwenzangu hakutaka. Alisema tukiziba hapa patatoboka pale. Tupitie faili moja baada ya jingine, folda baada ya folda, herufi ndogo zote, jina liseme kazi yake, na kila kitu kiingie chumba chake. Yeye asome, mimi niandike. Ndivyo tulivyoanza, na nisidanganye, sijawahi kufanya kazi yenye kuchosha namna ile wala kufurahi namna ile. Alikuwa na sauti ya chini kidogo, ya mtu anayesoma kwa ajili ya mmoja. "Vigae. Vigae ya bafu. Vigae ya jikoni. Hii gwe uliita kitu-tatu, hii ni nini?" Nilikuwa nakwenda polepole makusudi. Mtu angetusikia toka mlangoni angedhani tumechanganyikiwa.

Kisha tukafika kwenye folda ya mabati.

Nilimwambia hongera. Akasema asante. Baada ya hapo nilianza kuiona kazi yetu kwa jicho jingine, kwa sababu nilielewa kwamba hapangi tovuti ya mzee tu. Anapanga kuondoka kwake. Alikuwa ameanza kabla hajaniambia.

Aliwahi kunieleza alikojifunza mpango huo. Bibi yake kule Bombo alikuwa na nyumba ambayo mtu yeyote angeingia na kupika bila kuonyeshwa. Ukutani zilining'inia vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa rangi, vikubwa juu, vidogo chini, na masufuria ya shughuli yalikaa mahali pamoja miaka yote.

"Kwetu msiba ikiingia," alisema, "majirani nakuja moja kwa moja jikoni. Mwenye nyumba nakaa chini, nalia. Hakuna mutu namuuliza chumvi iko wapi. Kumuuliza ni aibu kubwa. Sasa bibi napanga mapema, siku nzuri, ndio siku mbaya watu wanyooshe mukono tu."

Wakati ule nililiona jambo la kupendeza. Sasa lilinikaa vibaya. Kila faili alilolipa jina lake halisi lilikuwa swali moja ambalo sitakuwa na sababu ya kumuuliza. Nilitaka abaki. Na kama hawezi kubaki, nilitaka angalau aache fujo kidogo, kiasi cha kunipa ruhusa ya kumpigia simu mara moja moja kuhusu kazi. Nilimpenda. Sikuwa nimemwambia, na sasa palikuwa na watu wa Nairobi. Wanasema penye nia pana njia. Wasemao hivyo hawajamwona baba yangu akiwa mimbarini, wala hawajawaona wajomba wa mwenzangu wakirudi kutoka msikitini.

Ikabaki folda moja, tuliyoiita uani, ambako tulitupa vitu nusunusu: kurasa zisizokwisha, picha za majaribio, hesabu ya nauli za kupeleka mizigo Naguru ambayo haikuwahi kutoa jibu sahihi. Nikamwambia, "Hiyo iache. Nitaipanga mwenyewe." Nikashuka kula sokoni. Nilikula taratibu, matoke na karanga, nikijisikia nimefanya ujanja. Niliporudi, uani palikuwa pamefagiliwa. Kila kitu kina jina, na hesabu ya Naguru ilikuwa inafanya kazi.

"Nilikuambia uiache."

"Ungepanga lini?"

"Baadaye."

"Baadaye yako mimi naijua." Hakugeuka kunitazama. "Nikienda sitaki ukae hapa nasumbuka, bambi. Ukitafuta kitu, ukipate."

Nilikasirika, nikakaa na hasira yangu hadi jioni bila kumsemesha. Sikuweza kumweleza kwamba kusumbuka ndiko nilikokuwa nakutaka.

Siku yake ya mwisho alileta sambusa za kutosha ghorofa nzima, na watu wa duka la chini wakapanda kuzila. Mwenye ofisi alisimama aseme machache. Alianza kwa Kiingereza, akasita, kisha akamgeukia na kusema, "Asante kwa kazi, dada. Mungu akutangulie." Kiswahili safi, kumbe alikuwa nacho miaka yote. Mwenzangu akainama kidogo, akajibu amina, akafunga mkoba wake. Aliniachia kiti chake, kwa kuwa changu kilikuwa kimevunjika mgongo.

Bei za mabati zilipopanda, mzee alinitumia bei mpya. Nilifungua faili moja, nikazibadilisha, nikamaliza kabla chai haijapoa. Alipotaka picha mpya za vigae, zilipata chumba chao bila mimi kufikiri. Kazi iliyokuwa ikinila wiki nzima ikawa ya asubuhi moja, na wateja wakatusifu, na mimi nikaichukia raha hiyo. Nilipitia folda zote nikitafuta kitu nisichokielewa. Kila jina lilinijibu kabla sijauliza. Ndani ya mradi ule sauti yake ilikuwa kila mahali na haikuwa na neno la kuniambia.

Mambo ya dunia ni ya ajabu. Yeye alikwenda kwetu, mimi nikabaki kwao. Nilimfikiria akienda sokoni Kibera, akisikia pande zote Kiswahili nilichozaliwa nacho, nikajiuliza kama kinamchekesha bado au amekizoea. Mimi huku nilikuwa sina wa kuongea naye. Nilianza kununua ndizi kwa Kiswahili, makusudi tu, na wauzaji wakadhani mimi ni askari wakanipunguzia bei.

Alasiri moja stima ilikatika. Wenye duka la chini wakawasha jenereta yao, ambayo haikuwahi kutupandishia hata taa moja. Mwenye ofisi alikuwa Naguru kwa mteja. Nilikaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, nikachukua simu, nikampigia kabla sijapata muda wa kujikanya.

Tulisalimiana vizuri. Aliuliza habari za mzee wa mabati. Kisha nikamwambia nina tatizo, ile hesabu ya nauli za kupeleka mizigo siioni, sijui iko wapi.

"Iko jikoni," akasema papo hapo. "Jikoni, halafu usafiri, halafu naguru. Iko mbele ya macho yako."

"Ngoja nitazame." Nikangoja kiasi cha mtu anayetazama. "Enhe. Nimeiona."

Kule kwake nilisikia mlango, na mtoto wa jirani akiimba.

"Hiyo nalia ni jenereta ya chini?" akauliza.

"Ndiyo."

"Stima imeenda?"

"Imeenda."

Alijua kama mimi kwamba jenereta ile haikufika juu. Alijua kompyuta yangu imezimika, na kwamba sikuwa nimeona faili lolote. Nilikaza simu sikioni, nikingoja acheke, au aniambie kwa upole kwamba sasa ni mke wa mtu. Nilimkosa kila siku, na hakukuwa na folda ya kuliweka jambo hilo.

"Kale," akasema hatimaye, ile “haya” ya Luganda, kwa ile sauti ya chini. "Andika."

Akaanza kusoma. Hakuwa na kitu mbele yake. Alisoma kutoka kichwani, folda baada ya folda, bila kuruka. Kichwa. Miguu. Saruji. Misumari ya mbao, misumari ya mabati. Rangi ya ndani, rangi ya nje. Nikabana simu begani, nikaweka vidole kwenye kibodi isiyo na uhai, nikaandika kila jina alilolitaja, herufi ndogo zote. Hakwenda haraka. Mara moja nilichelewa, akanisubiri.

Tulikuwa tumefika kwenye vigae nilipomsikia mwanamume akimwita kutoka chumba kingine, kwa wema, mtu anayemtaka mkewe aje wale. Akamjibu kwamba anakuja.

"Imebaki mbili," akaniambia. "Hiyo unazijua."

Akakata simu. Niliyajua, yote mawili: mabati ya rangi, mabati ya kawaida. Nikaondoa mikono kwenye kibodi, sikuyaandika.