Mzee Mwishehe na Watazama Gari wa Jumapili

Baba yangu, Mwishehe, aliendesha motokaa ya tajiri mmoja wa Kihindi tangu mwaka wa 1922 mpaka macho yalipomkatalia. Siku hizo dereva Mwafrika mjini Dar es Salaam alikuwa mtu wa kutajwa. Watoto walimkimbilia, wakubwa walimwita "Dereva" kabla ya kumwita kwa jina lake. Ilipofika mwaka wa 1952 mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, naye akawa mtu wa kukaa barazani kwetu Temeke na fimbo yake, akiwajua wapita njia kwa vishindo vya miguu. Dereva kipofu hana rafiki. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililiona, maana mume wangu alikuwa ameniacha nami nikarudi kumpikia baba.

Kilichomrudishia watu ni picha. Ilipigwa mwaka wa 1924 mbele ya duka la tajiri wake, nayo haikuzidi kiganja cha mtu mzima. Gari limejaa picha nzima. Baba amesimama ubavuni, mkono juu ya madigadi, kifua mbele. Na nyuma, chini ya turubai la kukunja, amekaa mama yangu Zuena, bibi harusi wa wiki tatu, aliyekataa kusimama mbele ya mpiga picha na kukubali kwa shida kukaa kule kivulini. Mwaka uliofuata alifariki akinizaa mimi. Picha nyingine hakupiga. Uso wake mle ndani ulikuwa kama punje ya choroko, na punje hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiita mama.

Watu wenyewe walikuwa wawili. Jabiri alikuwa fundi wa gereji, mtoto wa Mzizima, mbishi kupindukia. Kasimiri alikuwa dereva wa lori kutoka Masasi, mpole, lakini kwa habari za magari ya zamani hakuwa na upole hata chembe. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walikuja na kioo cha kukuzia walichoazima kwa fundi saa, wakaiweka picha juu ya mkeka, wakaanza.

"Taa hizi za gesi," Jabiri alisema.

"Za umeme! Mpira wa gesi uko wapi? Nionyeshe mpira."

"Umepita chini."

"Chini wapi? Wewe unaona usichokiona."

Hapo baba ndiye aliyeamua. Alinyoosha mikono hewani, akaligusa gari lisilokuwepo: hapa hendeli ya kuwashia, hapa honi ya kubonyeza, hapa ndipo taa ilipokazwa. Vijana hao walinyamaza kama wako darasani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli alipona. Jumamosi alianza kuniuliza kama kanzu yake imefuliwa.

Mimi nilimimina kahawa. Siku moja nilimwuliza Kasimiri, "Na huyo mwanamke wa nyuma, unamwonaje?"

Akasogeza kioo. "Mwanamke gani, dada? Aa, huyu. Huyu anatuzibia kiti. Tungejua kama ni cha ngozi."

Nilitamani kummwagia dele zima la kahawa. Baba alicheka pamoja na wageni wake. Walipoondoka ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini, "Bado anaonekana?" Nikamjibu kwamba anaonekana.

Kisha ukazuka ubishi wa namba. Jabiri alishikilia kwamba gari lile ndilo baadaye lililouzwa kwa mjomba wake Fakihi, na kwamba namba yake iliishia na saba. Kasimiri akasema ni uongo. Kibao cha namba kilifunikwa na doa la mafuta na moshi wa miaka, na kioo hakikusaidia kitu. Jumapili iliyofuata Jabiri alikuja na pamba na chupa ya maji ya magadi, yale wanayotolea grisi kwenye vyuma vya injini. Fundi huamini kwamba chini ya kila uchafu pana chuma.

Nilikuwa uani. Nilipoisikia habari ya magadi nikapaza sauti, "Jabiri, hiyo ni karatasi!"

"Mwache, Mwanabaraka," baba alinijibu. "Fundi anaijua kazi yake. Osha, mwanangu."

Akaosha pembe ya kibao, taratibu kabisa, doa likaanza kutoka. Wakashangilia. Laiti angeishia pale! Lakini mkono wa fundi ukishaonja usafi hautulii. Akaifuta picha yote kuanzia juu, ili ing'are. Nilipofika barazani nilikuta ngozi ya picha imevimba na kukunjamana kama utandu wa maziwa, na nusu yake imo kwenye pamba. Magurudumu ya mbele yalibaki, na taa moja; kibao chenyewe kilikuwa kimefutika. Upande wa nyuma ulikuwa karatasi nyeupe.

"Mbona kimya?" baba aliuliza. "Namba imetoka?"

Jabiri alinitazama, akatazama chini. "Imetoka, mzee. Saba."

"Si nilisema fundi anaijua kazi yake!" Baba alipiga makofi.

Waliaga bila kumaliza kahawa. Baba akapapasa mkekani, akaipata picha, akapitisha kidole juu yake. Kidole kilikwama kwenye mikunjo.

"Mama yako yupo?"

Nilitaka kusema yupo. Sikuweza. "Hayupo, baba."

Nikawatukana wale watu matusi ninayoyajua yote, na ninayajua mengi. Nikaapa sitawapikia kahawa tena.

"Utawapikia," alisema. "Wasipokuja wao, mie nitakaa na nani?"

Nilikaa karibu naye, nikamshika ile mikono.

"Nieleze alivyokuwa," akasema. "Mie tangu macho yafungwe sura yake imenitoka. Wewe umemtazama juzi tu."

Nikaanza. Nikasema amejifunika ushungi, na hilo lilikuwa kweli. Nikasema uso wake mviringo, ingawa uso wa ukubwa ule kila mtu angeuona mviringo. Nikaona anasikiliza kwa mwili mzima, nami nikaogopa kuishiwa, nikasema amevaa kipini puani, upande wa kushoto, kinametameta.

"Mama yako hakutoga pua," baba alisema.

Nikasema nitakiondoa.

"Endelea, mwanangu. Kiache hicho kipini."