Bangili ya Magofu ya Tanuf

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, nilipata habari kwamba mzee aliyekuwa akiuza vitu vya ukumbusho kando ya magofu ya Tanuf, hapa Oman, amefariki. Nilisema inna lillahi, nikakaa kitako. Kilichonijia mwanzo hakikuwa huzuni, ilikuwa hasira, na sioni sababu ya kuwaficha wasomaji wangu.

Wageni wanaofika Tanuf kwa magari ya kukodi, bila kiongozi, huzunguka zile kuta za udongo nusu saa, kisha hutaka kuondoka na kitu mkononi. Hao aliwauzia kwa Kiarabu na Kiingereza. Sisi ambao wazee wetu walitoka Unguja alituuzia kwa Kiswahili cha mjini, kile cha zamani, na kwetu Kiswahili hicho kilitosha kuwa risiti. Mimi ninayepima kila kitu sikukipima hicho. Aliponiuzia chetezo cha udongo, akisema kimetoka nyumba kongwe za Al Hamra, nilikiandikia safu mbili gazetini.

Mwaka jana dada mmoja wa Tanga, msomaji wangu, mfanyakazi wa nyumbani huko Ibra, alikuwa anakwenda kwao likizo. Ijumaa yake ya mapumziko alikodi teksi peke yake ili ayaone magofu na amnunulie mama yake zawadi. Alinipigia simu kuuliza anunue kwa nani. Nikamjibu: kwa mzee yule, si kwa mwingine. Akanunua bangili ya fedha ya kale. Sonara wa Tanga aliikwaruza mbele ya mama mtu. Ilikuwa shaba.

Nilimfuata mzee mezani kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na uso wa kadhi."

"Ile bangili ni shaba."

"Alitaka ya kale. Ya kale ningeitoa wapi? Mbona chetezo changu kimechomwa juzi tu, nawe ukakipa miaka mia mbili gazetini!" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanimiminia kahawa.

Siku ya maziko, baada ya sala, mwanawe alisimama akasema, kama ilivyo desturi yetu, kuwa anayemdai marehemu amwendee yeye. Nilimpigia dada yule, nikamhimiza adai.

"Yule nimemsamehe, kaka," akasema. "Mie simjui. Niliyemwamini ni wewe."

Anayemsifu muuzaji naye ameuza, na lawama ni yake pia. Jioni ile nilimtumia, kutoka mfukoni mwangu, bei ya ile bangili, mshahara wake wa siku kumi: riali thelathini na mbili.